Kuchapisha mifupa ya farasi ya Stubbs kwa A2: duka moja la Kisumu

Nilipeleka michoro mitatu ya George Stubbs, mchoraji Mwingereza, iliyotoka London mwaka 1766: mifupa ya farasi kwa ubavu, kwa mbele na kwa nyuma. Ni ya kuning'inizwa darasani, somo la afya ya mifugo. Bei ilikuwa shilingi 350 kwa karatasi ya A2 (ukubwa wa A4 nne).

Karatasi za kwanza zilikuwa za kutupa. Stubbs alichora mabamba yake ya shaba ya kuchapia mwenyewe, na kivuli chote ni mistari myembamba iliyosongamana. Rangi ya kijivu haimo. Faili nililituma WhatsApp kama picha ya kawaida (kosa langu hilo), ikakamuliwa, mistari ikashikana kuwa madoa. Mahali pa kukagua ni mbavu. Farasi ana jozi 18, na zile za karibu na kiuno zikiungana, mchoro haufundishi tena.

Mara ya pili nilikuja na flashi. A2 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 4961 kwa 7016. Chini ya hapo chukua A3. Simama karibu na fundi wa printa azime ile amri ya kujaza ukurasa. Alipoiacha, picha ilivutwa upande mmoja, farasi akarefuka mgongo, na mwanafunzi angemeza uongo huo bila kujua.

Karatasi ya gramu 80 hunywa wino na kujikunja, hasa kwa unyevu wetu wa ziwa. Chukua gramu 200 isiyong'aa. Watakushawishi uipake plastiki. Kataa ile ya kung'aa, kwani taa ya darasani itafuta nusu ya fuvu kwa aliyekaa pembeni.

Jambo ambalo duka halihusiki nalo: huyu ni farasi, na mikokoteni yetu inavutwa na punda. Farasi kwa kawaida ana pingili 6 za kiuno, punda mara nyingi 5. Niliandika hivyo kwa kalamu pembeni mwa picha ya ubavu.

Awamu ya pili ilitoka safi, na mbavu zinahesabika. Nyota nne. Ya tano imebaki kwa sababu walikata ukingo mweupe bila kuuliza, na sasa misumari inaingia karibu na kwato.