Kipimo cha DNA: Ununue Kipi?

Mtu akitoka Kondele kwenda maabara mjini Kisumu kuulizia "DNA", hutajiwa bei kana kwamba kipimo ni kimoja, kama kilo ya sukari. Vipo vya aina nyingi, kulingana na alama za jeni zinazosomwa. Hivi ndivyo ninavyovipanga.

Cha kwanza ni STR, na wengi wenu, mnaotaka kujua baba wa mtoto, mnaweza kuishia hapa. Ni sehemu za DNA ambapo herufi chache hurudiwarudiwa, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya watu. Chukua sehemu iitwayo TH01. Mama ana 7 na 8, mtoto ana 7 na 9. Ile 9 imetoka kwa baba, kwa hiyo mwanamume mwenye 6 na 8 ana maswali ya kujibu. Lakini asifukuzwe kwa sehemu moja tu, kwani mara mojamoja namba hubadilika mtoto anapotungwa. Uliza wanasoma sehemu ngapi. FBI ya Marekani ilipanda kutoka 13 hadi 20 mwaka 2017. Ukitajiwa nane, aga uende. Mama naye apimwe, jibu litakuwa na nguvu zaidi. Pamba ya kusugua ndani ya shavu inatosha, hakuna haja ya sindano. Pacha wa kufanana? STR haiwatenganishi.

Y-STR, yaani STR za kromosomu Y ya wanaume, nimeipa nafasi ya pili, kwa shingo upande. Hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, hivyo hufaa baba akiwa ameshazikwa na ndugu zake wapo. Familia moja ninayoijua, upande wa Ahero, iliilipia kwa sababu ya kijana aliyekuja kudai shamba la marehemu. Majibu yakalingana na ya baba mdogo, vigelegele vikapigwa. Kisha shangazi akauliza taratibu: "Sasa ni wa marehemu, au ni wako wewe?" Kipimo kile hakiwezi kujibu swali hilo, kwani ndugu wa baba mmoja hurithi Y ile ile. Na kwa mtoto wa kike usikinunue kabisa, hana Y.

DNA ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati, hufuata mama, nyanya, hadi nyanya wa nyanya. Inunue ukiwa na mfupa wa zamani au unywele usio na mzizi. Vinginevyo tunza pesa.

SNP, yaani herufi moja iliyobadilika, husomwa kwa malaki katika vile vifurushi vya asili ya ukoo. Huonyesha binamu vizuri, ila awe naye amepimwa huko huko, na Waafrika kwenye kanzidata hizo ni wachache.

Kesi ikiwa ya kortini, sampuli ichukuliwe mbele ya shahidi, vitambulisho vikaguliwe, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi. Pamba uliyojisugulia sebuleni, wakili wa upande wa pili ataiuliza tu: ni ya nani?