Prosesa kwa bei nzuri: soma herufi ya mwisho kabla hujalipa

Habari zenu, karibuni. Leo hatushindanishi prosesa kwa kasi, tunatafuta bei. Kuna watu wanapekua maduka kumi ya mtandaoni kwa prosesa moja, wanaokoa asilimia 5, halafu pesa yote inarudi kuliwa na bodi mama, RAM na feni.

Tazama hizi nne za AMD kwenye skrini: Ryzen 5 5500, 5600, 5600X na 5600G. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, zote za soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye bodi, zote wati 65. Ukizitazama haraka utasema ni ndugu wa tumbo moja, uchukue ya bei ya chini. Subiri kwanza. 5600 na 5600X zina kache ya L3, kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa, ya megabaiti 32. 5500 na 5600G zina 16 tu, kwa sababu 5500 kwa kweli ni 5600G iliyozimwa grafiki. Tena hizo mbili zinaishia PCIe 3.0, yaani kasi ya njia za kuongea na kadi ya grafiki, wakati wenzao wanafika 4.0. Kama kadi yako ya grafiki ni RX 6500 XT, inayotumia njia 4 tu za PCIe, hapo utaumia: fremu zinashuka na gemu inakwamakwama. Kwa kadi yenye njia 16 pengo ni dogo.

Na 5600X? Inaizidi 5600 kwa megahezi 200 kwenye kasi ya juu kabisa, gigahezi 4.6 dhidi ya 4.4. Ukicheza huwezi kuiona tofauti hiyo. Bei zikikaribiana sana chukua yoyote. X ikizidi kwa asilimia 4 au 5, mimi naiacha.

Upande wa Intel, herufi F maana yake haina grafiki za ndani. i5-12400F ni nafuu kuliko 12400, na kama una kadi ya grafiki hupotezi kitu. Kama huna, kompyuta itawaka, feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi, nawe utairudisha prosesa nzima dukani ukidhani imekufa. Herufi K ni mtego wa aina nyingine. Unalipia kizidishi kilichofunguliwa, yaani ruhusa ya kupandisha kasi mwenyewe, lakini ukiiweka kwenye bodi ya B660 huwezi kupandisha kasi ya viini, bodi ambayo jina lake linaanza na Z ndiyo inayoruhusu. Na boksi la K halina feni.

Kwa hiyo usilinganishe bei ya prosesa, linganisha jumla: prosesa, bodi, RAM, feni, usafirishaji na kodi. Tuseme ya kwanza inauzwa 100 ikiwa kwenye boksi lenye feni. Ya pili ni 92 lakini ni ya trei, yaani imekuja tupu bila boksi, na feni ya kuanzia ni 20. Ile ya “nafuu” imeshafika 112. Isitoshe, prosesa ya boksi ina waranti ya miaka 3 ya mtengenezaji. Ya trei unategemea muuzaji, na wapo wanaotoa mwezi mmoja tu. Muulize kabla ya kulipa, akujibu kwa maandishi.

RAM nayo inabadilisha hesabu. Ryzen 5 7600 ni ya soketi mpya zaidi ya AM5, na AM5 haipokei DDR4, RAM ya kizazi kilichotangulia DDR5, kabisa. Soketi ya LGA1700 ya Intel, ile ya 12400F, ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, kwa hiyo mwenye DDR4 mkononi anaweza kubaki nayo. Mwenye bodi ya B450 ya AM4 ndiye anayepata bei tamu kuliko wote: anasasisha BIOS, programu ya kuwashia bodi, anachomeka 5600, kazi imekwisha. Sasisha ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Ukiitoa kwanza, itabidi bodi yako iwe na kitufe cha kupakia BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa, na si zote zinacho.

Wakati wa kununua: fungua grafu ya historia ya bei, tovuti ya PCPartPicker inayo. Kizazi kipya kikitoka, cha nyuma hushuka, lakini usingoje mno. Stoku ikikauka, bei ya mabaki hupanda tena. Na ukiona punguzo kubwa, linganisha na bei ya miezi mitatu iliyopita, usiamini ile bei iliyokatwa mstari.

Mitumba sasa. AM4 ina pini 1331 chini ya prosesa yenyewe. Omba picha ya chini, ipigwe kwa kuinamisha, mwanga ukitoka ubavuni: safu zikiwa sawa utaona vichochoro vilivyonyooka, pini iliyopinda inavunja mstari. Iliyopinda kidogo hunyooshwa polepole kwa ncha ya penseli ya kubonyeza isiyo na risasi. Iliyokatika, achana nayo.

Core i7 na i9 za Intel za kizazi cha 13 na 14 nazipita zikiwa za mkono wa pili. Volteji ya juu iliziharibu baadhi, na maikrokodi ya 2024, sasisho linalokuja na BIOS, inazuia uharibifu mpya, haiponyi wa zamani. Ryzen PRO iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi pia iulizie, kwani nyingine zimefungwa kwenye bodi za kampuni ile ile na kwako haitawaka.

Ikifika, usiiweke kabatini. Siku hiyo hiyo ichomeke, fungua programu ya CPU-Z ulinganishe jina, viini na kache na ulichonunua, kisha endesha Cinebench, programu ya kuipima prosesa kwa kuichosha, kwa nusu saa. Ikizima au ikijiwasha upya, irudishe kabla muda wa kurejesha haujaisha.