Ramani ya karatasi au ya simu kwenye treni za chini ya ardhi London?

Mgeni London huwa na ramani mbili za kumwongoza kwenye treni za chini ya ardhi: ya karatasi na ya simu.

Ya karatasi naipenda zaidi. Asili yake ni mchoro wa mchoraji Harry Beck, uliotolewa kwa abiria mwaka 1933. Beck aliacha vipimo halisi vya ardhi, akanyoosha njia ziwe za wima, mlalo na mshazari. Leo kila njia ina rangi yake: ya Central nyekundu, ya Victoria samawati. Unaona mtandao wote mara moja, na haiishiwi chaji. Inakuonyesha pia kwamba njia nyeusi, Northern, inagawanyika katikati ya jiji, tawi moja likipita stesheni ya Bank na jingine ya Charing Cross. Asiyelijua hilo hupotea kirahisi, kwa hiyo soma maandishi ya mbele ya treni kabla ya kupanda.

Lakini mchoro huo haukuambii umbali. Stesheni ya Leicester Square hadi ya Covent Garden ni kama mita 260 tu. Mara nyingi kwa miguu utawahi kufika. Hapo simu inashinda: inahesabu dakika, inaonyesha mitaa ya juu, na inakujulisha njia zilizofungwa kwa matengenezo, jambo la kawaida wikiendi.

Mwenye kigari cha mtoto atafute kwenye karatasi alama ya kiti cha magurudumu, inayoonyesha stesheni zinazofikika bila ngazi, kisha ahakikishe kwenye simu kama lifti inafanya kazi siku hiyo.