Mama mboga anayeosha kabla ya kukata

Jumamosi ya pili ya kila mwezi tunakutana kwangu Buruburu, watu watano tunaopenda santuri. Mmoja huja na amplifaya ya vali aliyoifufua mwenyewe, mwingine na santuri za 45, zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, alizochagua Kenyatta Market, na chakula ni kile kile: ugali, sukuma wiki, na nyama ikiwepo. Kwa miaka miwili sasa sukuma hiyo inatoka kibanda kimoja karibu na stegi, na mama wa pale anastahili kusifiwa.

Majani anayaosha yakiwa mazima, kwenye mabeseni mawili, anayakung'uta, kisha anayasimamisha kwenye kreti yachuruzike. Ndipo anapoyakunja na kuyakata, nyembamba kabisa, mbele yako. Kwingine unauziwa mboga iliyokatwa tangu mchana, unaiosha nyumbani, na utamu wote unaondoka na yale maji ya kijani.

Tofauti utaisikia kwa masikio. Mboga iliyokauka ikiingia kwenye sufuria yenye mafuta moto na vitunguu, inalia "chaaa", sauti ya juu kama mvua kwenye mabati, na hailegei. Yenye maji inalia mara moja tu, halafu sauti inashuka chini na kuanza kububujika. Hapo hukaangi tena, unachemsha. Mwaka jana nilichelewa nikakuta kibanda kimefungwa, nikachukua pakiti ya supamaketi iliyokatwa tayari. Maji yalikuwa yametuama chini ya plastiki. Sufuria ilinyamaza hata kabla sijaanza kukoroga, na tukala mboga ya rangi ya kaki, chungu. Iliniuma, maana siku hiyo tulikuwa na mgeni.

Muda tunaupima kwa santuri. Rumba nyingi za zamani kwenye hizo 45 ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Vitunguu viwe vimeiva, nyanya moja inatosha. Sindano ikigusa upande wa kwanza, sukuma inaingia. Ukigeuza, tia chumvi. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea mwishoni mwa rumba, likipanda, epua. Jani litakuwa bado la kijani, na jino litalisikia.

Halafu mikono, jamani. Ugali na sukuma ni vya mkono, na mafuta yakifika kwenye santuri vumbi linaganda kwenye mistari na sindano inakwaruza. Kwangu hakuna anayegusa santuri kabla ya kunawa kwa maji moto na sabuni, na hata akishanawa anaishika kwa ukingo na lebo tu.

Kasoro zipo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watu wakishuka kwenye matatu foleni inakuwa ndefu na kisu kinakimbia, unapewa minene yenye mabua. Inabidi useme: "Mama, nikatie nyembamba, mabua utoe." Atakujibu, "Sawa baba, ngoja kidogo," na kweli atafanya, ila utangoja. Jumapili hafungui. Kiangazi cha Januari na Februari fungu linapungua kwa bei ile ile. Miezi mingine shilingi 100 inatutosha watu watano na inabaki.

Mboga anaifuata soko la Wangige alfajiri, na ukimuuliza imetoka shamba gani anakujibu bila kuzungukazunguka, jambo kubwa hapa Nairobi ambako sukuma nyingine inamwagiliwa maji ya mitaro. Siku nyingine huwa na kanzira. Jani lake ni laini kuliko sukuma na lina ukali wa mbali, kama haradali. Mwenzetu aliyekulia Kakamega alipoionja mwezi uliopita aliomba amplifaya izimwe kwanza ale kwa utulivu.

Ya Jumamosi hii nimeshaagiza, sukuma ya 60 na kanzira ya 40. Nitapita saa tisa, kabla ya foleni.