Mwalimu anayetaka kuwa msanii pia aanzie wapi: kalamu au jukwaa?
Kuandika hakumlazimu mwalimu kuomba ruhusa kazini: madaftari yakishasahihishwa, usiku ni wake. Ila mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, huchelewa, na hapa Kenya kitabu kisipoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, kitumike shuleni, wanunuzi huwa wachache.

Jukwaa nalo linataka jioni sauti ileile uliyoimaliza darasani asubuhi, na mazoezi hayangoji mitihani iishe. Lakini mwalimu ana mlango ambao wasanii wengi hawana: tamasha la drama la shule, ambako walimu ndio hutunga na kuongoza michezo na mashairi. Mzaha usipochekesha kwenye ngazi ya kaunti ndogo, anaukata kabla ya kaunti. Mhariri gani hujibu upesi hivyo? Mimi ningeanzia huko; riwaya ingoje likizo ya Agosti.