Kompyuta mpya: programu za kuweka kwanza, na za kuwaachia wenye duka

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alinunua kompyuta mpakato Kariakoo kwa ajili ya chuo. Haikuwa mpya ya boksi, ni zile zilizotumika nje zikasafishwa, na duka likamwekea "programu zote" kwa nyongeza kidogo: Office, antivairasi, kisafishaji na vikorokoro vingine. Alipoileta nyumbani nilifungua sehemu ya usalama ya Windows, nikateremka mpaka kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa ukaguzi. Mstari ulikuwa mmoja tu: C:\. Yaani mlinzi ameajiriwa, kisha ameambiwa asiiangalie nyumba nzima. Aliyeweka Office ya wizi ilibidi afanye hivyo, maana kiprogramu cha kuifungua bila leseni kingekamatwa palepale.

Tuliipiga Windows upya, tukaanza na programu chache. Huu ndio mpangilio tuliofuata, na ndio ninaompa kila ndugu na jirani anayenigongea mlango na kompyuta mkononi. Nazipanga kwa kuangalia kitu kimoja: ipi ikikosekana itakuumiza zaidi.

Ya kwanza ni ya kutunza nakala za kazi zako. Wengi hawaihesabu kama programu, na Windows inayo tayari: inaitwa File History. Chomeka diski ya nje, iwashe, nayo itanakili mafaili yaliyobadilika kwenye nyaraka, picha na dawati kila baada ya saa moja. Kama una pesa ya ziada ya kutumia siku ya kununua kompyuta, nunua diski hiyo kabla ya begi na kabla ya maus yenye taa. Pesa ikiwa imeisha, Google hutoa GB 15 za kuhifadhi mtandaoni bure na OneDrive ya Microsoft GB 5, zinatosha kwa maandishi ya muhula mzima ukiacha video nje.

Flashi siihesabu kama nakala. Mwalimu mmoja jirani yetu alikuwa na alama za kidato kizima kwenye flashi, akaenda nayo kuchapa steshenari, akarudi akakuta kila folda imegeuka kijishale cha njia ya mkato. Bahati yake mafaili yalikuwa yamefichwa tu na kirusi, hayakufutwa, tukayarudisha kwa amri ya attrib. Ila nilimwona alivyokaa dakika ishirini zile, mikono magotini, hasemi neno. Ningependa hali hiyo isimkute mtu mwingine.

Ya pili ni ya kazi za ofisi, na hapa ndipo watu wanapoingia kwenye Office ya wizi bila sababu. Chaguo langu ni LibreOffice. Ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Word, Excel na PowerPoint. Ina pia kamusi ya tahajia ya Kiswahili, ukiichagua wakati wa kuiweka. Mstari mwekundu chini ya kila neno la lugha yako unachosha, na ukiondoka unaanza kuona makosa yako halisi. Tena programu hii ina ukoo na sisi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice, ambayo ndiyo mama wa LibreOffice, wakaiita Jambo OpenOffice.

Ukishaiweka, fanya mambo mawili. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kufungua na kuhifadhi, uiambie ihifadhi kwa docx, yaani faili la aina ya Word, ili mhadhiri asipokee faili ambalo hajalizoea. Na unapokwenda kuchapa, bonyeza kitufe cha PDF kilicho juu na upeleke PDF hiyo. Wanaolalamika kwamba "LibreOffice imeharibu kazi yangu" wengi wao walipeleka docx kwenye kompyuta ya steshenari yenye fonti tofauti, kurasa zikasogea. PDF haisogei.

Chaguo la pili ni Word ya kwenye kivinjari, ambayo ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Inafaa, ila bila intaneti huna kitu. Kama wewe ni mwanafunzi, uliza kwanza kama chuo chako kina mpango wa Microsoft wa elimu, maana baadhi ya wanafunzi wana haki nayo na hawajui. La tatu ni kulipia Microsoft 365. Kwa mhasibu anayeshinda kwenye majedwali yenye makro, au anayebadilishana mikataba yenye masahihisho ya watu watano, nasema lipia, utajiokoa na usumbufu mwingi. Mpango wa familia unachukua watu hadi sita, mkichanga ndugu mzigo unakuwa mwepesi.

Ya tatu ni kivinjari. Weka Firefox, kisha uiongezee uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo. Faida ya kwanza ni bando: matangazo na video zinazojichezea zenyewe hazipakuliwi. Ya pili naiona kubwa zaidi. Kwenye kurasa nyingi za kupakulia kuna vitufe vitatu vya kijani vya "pakua", viwili ni mtego, na uBlock huondoa karibu yote ya uongo. Chrome imeacha kuipokea uBlock kamili, imebaki ile nyepesi, ndiyo maana naiweka Firefox mbele. Edge inayokuja na Windows si mbaya, iache ilivyo.

Ya nne ni ya kutunza nywila, na najua wengi wataruka aya hii. Kama nywila ya barua pepe yako ndiyo hiyohiyo ya mitandao ya kijamii na ya mfumo wa chuo, siku mfumo mmoja ukivuja yote imekwenda. Bitwarden ni bure na inafanya kazi kwenye simu na kompyuta kwa pamoja. Asiyetaka nywila zake zikae mtandaoni achukue KeePassXC, inayozifunga kwenye faili moja lililo kwenye kompyuta yako. Hilo faili liingie kwenye nakala, tafadhali.

Zinazobaki ni ndogo na hazina ubishi. VLC kwa video na muziki, kazi iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, haina tangazo hata moja. 7-Zip kwa mafaili yaliyobanwa, haifiki hata MB 2. SumatraPDF ya kusomea PDF kwa kompyuta yenye RAM kidogo, inafungua kitabu kabla hujakaa sawa. Anwani ziandike mwenyewe: libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org. Ukitafuta kwa jina, tovuti ya kwanza juu inaweza kuwa tangazo la mtu mwingine kabisa.

Sasa za kuacha. Antivairasi ya pili huihitaji, Defender, ulinzi unaokuja na Windows yenyewe, inatosha mradi usiizime na usiipe misamaha kama ile ya C:\. Visafishaji na vile vinavyodai kusasisha draiva, waachie wenye duka. Mwaka 2017 toleo moja la kisafishaji CCleaner lilisambazwa na watengenezaji wenyewe likiwa limepandikizwa virusi, likafika kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2, na waliopata shida hiyo walikuwa wakitaka tu kusafisha. Na programu yoyote inayokuomba uzime ulinzi ili iingie, ifute.

Kabla hujaondoka dukani, angalia jambo moja zaidi: Windows gani iko ndani. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizotumika bado zinauzwa nayo. Omba iwe na Windows 11 inayoruhusiwa rasmi kwenye mashine hiyo, si ya kulazimishwa. Kama tayari unayo mashine isiyoweza kupanda hadi Windows 11, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ni nzuri kuliko watu wanavyoihofia. LibreOffice, Firefox, VLC na Bitwarden zote zinakaa humo.

Halafu bando. Usiku wa kwanza Windows hujipakulia masasisho bila kukuuliza, na ukiwa umeunganisha kwa simu unaamka bando limeisha. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, ingia kwenye mtandao wa simu yako, uutie alama kuwa ni wa kupimwa (metered). Masasisho mengi yatasubiri. Lakini wiki isipite bila kuyapa nafasi kwenye Wi-Fi ya chuo au ya kazini, kwa sababu ndiyo yanayoziba matundu.

Sisi tulipakua kila kitu kwenye kompyuta yangu, tukahamisha kwa flashi niliyoikagua kwanza. Yote haikufika GB 1. Folda ile nimeiacha kwenye diski ya binti, maana wenzake wawili wa bweni wameshaiulizia.