Bia ya Kimea Nyumbani: Vifaa Gani Vinunuliwe Kwanza

Anayetaka kutengeneza bia nyumbani kwa kuloweka kimea chenyewe, badala ya kununua rojo ya kimea iliyokwisha kuandaliwa kiwandani, hukabiliwa na njia tatu. Ya kwanza ni ya vyombo vitatu: cha kuchemshia maji, cha kulowekea kimea na cha kuchemshia maji matamu yanayotokana nacho. Ya pili ni mashine moja ya umeme inayofanya kazi hizo zote. Ya tatu ni sufuria moja kubwa na mfuko wa kitambaa cha kuchujia. Kwa maoni yangu, anayeanza achague hii ya tatu bila kusita, kisha fedha atakazookoa azielekeze kwenye kipimajoto, koili ya kupoozea na mahali pazuri pa kuchachushia, kwa sababu humo ndimo ubora wa bia unamoamuliwa.

Jambo la kupima kwa makini kuliko yote ni ukubwa wa sufuria. Ukitaka kupata lita 20 za bia yenye kilevi cha takriban asilimia 5, utahitaji kimea kilo 5 hivi. Kimea hicho kitafyonza maji karibu lita 4, saa moja ya kuchemsha itapoteza lita 3 kama mvuke, na lita 2 nyingine zitabaki chini pamoja na mashapo ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kwa hiyo unaanza na maji lita 29, na kimea chenyewe kikiingia huchukua nafasi ya lita nyingine 3 na zaidi. Sufuria ya lita 30, ambayo mara nyingi huuzwa kama inayomfaa anayeanza, haitoshi kwa njia hii. Ya lita 38 au 40 ndiyo inayofaa, hasa ukikumbuka kwamba povu hupanda ghafla dakika chache kabla ya kuchemka na linaweza kufurika jiko lote. Ukiwa na sufuria ndogo tayari, ni heri utengeneze lita 10 vizuri kuliko kujaza hadi mdomoni.

Kuhusu madini, chuma cha pua hudumu na husafishika kwa urahisi, lakini alumini haistahili sifa mbaya inayopewa. Alumini hupitisha joto vizuri zaidi na huwa nyepesi. Sharti lake ni kwamba utando wa kijivu unaojengeka ndani usisuguliwe mpaka ung'ae, wala sufuria isioshwe kwa sabuni zenye magadi makali. Koki chini ya sufuria inafaa kulipiwa, kwa kuwa kuinua lita 25 za maji yanayochemka ni hatari ya wazi. Chanzo cha moto nacho kiwe na nguvu ya kutosha: koili ya umeme ya kilowati 2 huchukua karibu dakika 50 kupandisha lita 29 kutoka nyuzi 20 hadi 69, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani. Jiko kubwa la gesi huenda kasi zaidi, ila litumike nje, kwa maana monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu inayotokana na moto, haina harufu ya kukuonya.

Mfuko uwe wa nailoni au poliesta yenye matundu madogo, mpana kiasi cha kufunika mdomo wote wa sufuria, na mishono yake iwe imara, kwani kilo 5 za kimea zikishalowa huzidi kilo 9. Anayetaka bia yenye kilevi kingi zaidi, au asiyeweza kuinua uzito huo, atahudumiwa vizuri na sanduku la plastiki la kuhifadhia baridi lililowekwa chujio na koki, ambalo likipashwa kwanza kwa maji moto hupoteza nyuzi 1 au 2 tu kwa saa.

Mashine za umeme kama Grainfather, BrewZilla na Braumeister ya Speidel nazipa heshima yake: hushikilia joto zenyewe, huzungusha maji kwa pampu na hazichukui nafasi. Hata hivyo, gharama yake hulipia urahisi zaidi kuliko ladha, na pampu na mabomba yake huongeza sehemu za kusafisha. Ni ununuzi mzuri kwa anayejua tayari kwamba ataendelea na kazi hii.

Kipimajoto kinahitaji uangalifu wa pekee. Vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hutofautiana: kimoja hufanya kazi vizuri karibu nyuzi 62 hadi 65 na kutoa bia kavu, kingine hupendelea nyuzi 68 hadi 72 na kuacha bia nzito yenye utamu. Kifaa kinachokosea kwa nyuzi 3 hukupa bia nyingine kabisa, nawe ukabaki kuilaumu hamira. Nunua cha kidijitali chenye ncha ndefu, kisha kijaribu katika maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, ambamo kinapaswa kusoma 0. Ukikitumbukiza katika kimea kilicholowekwa bila kukoroga, utaona kikisoma nyuzi 64 pembeni na 68 katikati. Koroga kwanza hadi chini, ndipo usome. Kwa njia ya mfuko na maji yote kwa mara moja, maji yawe nyuzi 3 tu juu ya joto unalolenga, maana maji ni mengi kuliko kimea.

Koili ya shaba ya kupoozea, yenye urefu wa meta 10 hivi, hushusha joto kutoka nyuzi 100 hadi karibu na 20 kwa takriban nusu saa ikiwa maji ya bomba ni baridi na ukiyakoroga maji ya kimea yaizunguke. Pale ambapo maji ya bomba ni ya vuguvugu, itashindwa kufika 20, na hapo ni bora kumalizia kwa beseni la barafu kuliko kununua koili ya pili.

Kwa kuchachushia, ndoo ya plastiki ya daraja la chakula ya lita 25 hadi 30 inatosha kabisa. Isisuguliwe kwa brashi, kwani mikwaruzo huficha vijidudu. Galoni la kioo silipendekezi, kwa kuwa likiponyoka mikononi yenye sabuni huumiza vibaya. Haidromita, kifaa kinachoelea kupima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji, ni ya lazima: ikisoma 1.048 mwanzoni na 1.010 mwishoni, bia ina kilevi cha asilimia 5 hivi, na usomaji usiobadilika kwa siku tatu ndio unaoruhusu kutia chupani kwa usalama. Ongeza dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji kusuuzwa, kwa kila kitu kitakachogusa bia baada ya kupoa.

Kinu cha kusagia kinaweza kusubiri, mradi muuzaji akusagie. Chukua punje chache mkononi: unga wake uwe umevunjika vipande, ila ganda libaki karibu zima. Kwa mfuko unaweza kusaga laini zaidi, lakini kwa sanduku lenye chujio ganda ndilo linalochuja, na kinu cha rola mbili kilichoachwa nafasi ya milimita 1.0 hadi 1.2 hulihifadhi vizuri.